Gari limegoma: dalili, chanzo, na pa kuishia kabla hujamwita fundi

Kiseke ninakoishi, majirani wamezoea kunigongea geti saa kumi na mbili asubuhi. Mimi si fundi. Niliendesha teksi miaka mingi hapa Mwanza, na teksi ikilala nawe unalala njaa, kwa hiyo utalijua gari lako upende usipende. Malalamiko yalipozidi kujirudia nikaanza kuyaandika kwenye daftari: haliwaki, linachemsha, linamisi (injini inakatakata), breki zinalia, usukani unatetemeka. Nikirudi kuyasoma naona kwamba mara nyingi kilichokuwa kibovu ni kile cha bei ndogo kuliko vyote. Terminali iliyolegea, fyuzi, mfuniko wa rejeta (kile kinachopoza maji ya injini), upepo wa tairi.

Shida yetu madereva ni kwenda gereji na jina la kifaa mdomoni. Ukimwambia fundi "stata imekufa" atakubadilishia stata, ile mota ya kuzungusha injini iwake, na hajakuibia, maana umeagiza mwenyewe. Mpelekee dalili. Mwambie linalia vipi, likiwa la baridi au la moto, ulikuwa unapanda mlima au umetoka kuliosha. Ndiyo maana humu nimepanga kwa dalili, kila dalili na chanzo chake kuanzia kinachotokea sana, na kila mahali nimesema pa kuishia.

Kwenye buti weka spana namba 10 (terminali za betri za Toyota nyingi hufunguka kwa hiyo), tochi, glavu, kipima upepo, waya za kushtulia betri na dumu la lita 5 la maji safi. Ukipata na maltimita (kipima umeme) ya bei ya chini, itakuokolea safari nyingi za gereji.

HALIWAKI

Usikimbilie kufungua boneti. Geuza ufunguo usikilize, maana kila mlio una njia yake.

*Ta-ta-ta-ta ya haraka, taa za dashibodi zinafifia.* Stata inaomba umeme na haupati. Shika terminali za betri uzitikise kwa mkono. Ikizunguka hata kidogo, kaza, ujaribu tena. Nusu ya kesi zangu za asubuhi ziliishia hapo. Haijalegea? Angalia unga mweupe au wa kijani juu yake. Huo unazuia umeme kupita. Fungua hasi kwanza, kisha chanya, mwagia maji ya moto yenye kijiko cha magadi soda, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Mpangilio huo si ushirikina. Ukianza na chanya wakati hasi bado imefungwa, spana ikigusa bodi tu unapata cheche ya kukukumbusha.

Terminali safi na bado linalia hivyo, basi betri haina moto. Kwa maltimita, betri iliyojaa na gari limezimwa husoma karibu volti 12.6; ikiwa 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 usitegemee chochote. Hapo jiulize ulifanya nini jana. Jirani yangu mmoja alikuwa anakwenda Sengerema kwa kivuko cha Kamanga, na kwenye foleni alikuwa anazima injini anaacha redio, taa na chaja ya simu. Alinunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja kabla hatujakaa tukahesabu. Betri hazikuwa na kosa.

Kushtua betri kuna utaratibu, na watu wengi wanakosea hatua ya nne:

1. Magari mawili yakaribiane bila kugusana, yote yamezimwa.
2. Waya mwekundu: chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima.
3. Waya mweusi: hasi ya betri nzima.
4. Ncha ya mwisho ya mweusi ibane kwenye chuma kitupu cha injini iliyogoma, mbali na betri. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya mwisho isitokee juu yake.
5. Washa gari zima, subiri dakika chache, kisha jaribu lililogoma. Likiwaka, toa waya kwa kurudi kinyume cha ulivyofunga.

Likishawaka, pima tena. Kati ya volti 13.8 na 14.5 altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, inafanya kazi. Ikibaki kwenye 12, kesho utakuwa pale pale. Angalia mkanda wa altaneta kama umelegea, una nyufa au unapiga mluzi asubuhi. Mkanda ukiwa mzima, kazi ni ya fundi umeme. Na gari la otomatiki usilisukume ukitarajia litawaka, utachosha vijana wa watu bure.

*Ko! mara moja, kisha kimya, na taa zinawaka vizuri.* Rudia terminali na waya mnene wa hasi unapofungwa kwenye bodi. Kukiwa kuzuri, stata yenyewe inadaiwa: vikaboni au kontakti za ndani zimeisha. Madereva wa zamani wanaigonga stata taratibu kwa mpini wa spana huku mwenzako anageuza ufunguo. Inafanya kazi, lakini ni ya kukufikisha gereji, usiigeuze mazoea.

*Kimya kabisa.* Sogeza gia toka P uiweke N, ujaribu. Kwenye magari ya kubonyeza, kijibetri cha rimoti kikiisha, gusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki. Baada ya hapo ndipo uangalie fyuzi. Yenye uzi uliokatika weka nyingine ya namba ile ile. Ukiweka kubwa zaidi, siku ya hitilafu utaungua waya na fyuzi itabaki nzima. Kipande cha waya au karatasi ya sigara kwenye nafasi ya fyuzi sitaki hata kukizungumzia.

*Stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki.* Kwa mji wetu wa mawe naanza na swali linalochekesha: umelipaki wapi? Ukilaza gari kwenye mteremko wa Isamilo au Bugando na mafuta yako robo, yanakimbilia upande mmoja wa tangi na pampu inavuta hewa. Mshale nao unadanganya kwa sababu hiyo hiyo. Ongeza lita 5, au liserereshe kwa uangalifu hadi tambarare. Kama si mafuta, weka ufunguo kwenye ON usikilize kuelekea siti ya nyuma. Kwenye magari mengi ya petroli pampu hunguruma sekunde mbili hivi. Usiposikia kitu, angalia fyuzi ya pampu. Ukisikia, zamu ni ya plagi na koili, vinavyotoa cheche ya kuwasha mafuta.

Usizungushe stata zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo. Pumzisha nusu dakika.

Ishia hapa: betri imevimba au inanuka kama mayai viza, waya unatoa moshi, au gari ni haibridi (la petroli na umeme) na unaona nyaya za rangi ya machungwa. Zile zina umeme wa kuua, hata kama gari limezimwa. Haibridi pia isitumike kushtulia gari jingine.

LINACHEMSHA

Hii ndiyo sura ndefu ya daftari langu, na ndiyo inayoua injini nyingi. Mtu anaona mshale umepanda, anasema "nifike tu Buzuruga". Anafika, na gasketi, kizibo kati ya injini na kichwa chake, imeshaungua.

Magari mengi madogo hayana mshale. Yana taa ya bluu asubuhi injini ikiwa baridi, inazima baada ya dakika chache, na nyekundu ikizidi. Taa ile ya bluu haina tatizo lolote, usinigongee geti kwa ajili yake. Nyekundu ikiwaka, fanya hivi papo hapo: zima AC, fungua hita hadi mwisho na feni yake juu (utaoga jasho, lakini hita inanyang'anya injini joto), tafuta pembeni salama, simama, zima. Subiri nusu saa kabla ya kugusa kitu. Usifungue mfuniko wa rejeta ya moto. Nimemwona kijana mmoja Igoma aliyefungua kwa kutumia kitambaa. Kitambaa hakikumsaidia uso.

Injini ikipoa kiasi cha kushika mpira wa juu wa rejeta bila kuachia, anza kutafuta.

*Kwanza, maji yamepungua.* Hilo ndilo la kawaida. Angalia tangi dogo la plastiki lenye alama mbili, kisha rejeta yenyewe. Yakiwa yamepungua, yamekwenda mahali: pima mipira kwa kuibinya (iliyozeeka ni laini kama chapati au ina nyufa), angalia klipu, angalia mstari wa plastiki juu na chini ya rejeta maana hapo ndipo hupasuka, angalia chini ya pampu ya maji kama kuna michirizi mikavu ya rangi. Laza kadibodi chini ya gari usiku. Asubuhi itakuonyesha tone limetoka wapi. Maji safi yasiyo na rangi upande wa abiria baada ya kutumia AC ni ya AC, yaache. Unapoongeza maji, injini iwe imepoa. Maji ya baridi ndani ya injini ya moto yanaweza kupasua chuma.

*Pili, mfuniko.* Watu wanaudharau kwa sababu ni wa bei ndogo. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hiki maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayasubiri 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na mfuniko. Mzima ulioandikwa 1.1 au 108 kPa unakupeleka hadi karibu nyuzi 120. Raba yake ikikauka, presha inatoka, na injini iliyo salama kabisa itaanza kuchemsha ikipanda kilima cha Bugando nyuma ya lori. Fungua ikiwa ya baridi, angalia raba. Ikiwa ngumu au imekatika, nunua mwingine wenye namba ile ile.

*Tatu, feni haizunguki.* Dalili yake ni kwamba kwenye foleni ya barabara ya Nyerere linachemsha, ukitoka kuelekea Usagara na upepo ukaingia linapoa. Washa AC injini ikiwa inaunguruma. Kwenye magari mengi feni inapaswa kuanza. Isipoanza, ni fyuzi, relei (swichi ya umeme) au mota, kwa mpangilio huo. Weka vidole mbali. Feni inaweza kujiwasha yenyewe.

*Nne, rejeta imeziba nje.* Huku kwetu kuna jambo ambalo wa Dodoma hawalijui. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kama moshi juu ya maji, ukipita katikati yao usiku mara mbili tatu, wanajaa kwenye mapezi ya rejeta, vumbi la Buswelu linakuja kuwasiliba. Mwagia maji ya bomba kwa presha ndogo, kutoka nyuma kwenda mbele. Presha kubwa inalaza mapezi.

*Tano, imeziba ndani, au themostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto) imekwama.* Ukijaza maji ya kisima au ya ziwani miaka mitatu mfululizo, kutu na chumvi hujenga ukuta. Weka kulanti, maji maalumu ya rejeta. Siyo ya baridi tu kama watu wanavyodhani. Inazuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka. Kuhusu themostati, fundi akikwambia "tuing'oe tu, huku hakuna baridi", mkatalie kwa adabu. Bila hiyo injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inaendelea kuiongezea mafuta, na wewe utakuja kulalamika kwamba gari linakunywa.

Ishia hapa: oili kwenye kijiti cha kupimia ina rangi ya chai ya maziwa; mapovu yanatoka mfululizo kwenye rejeta injini ikiwaka; moshi mweupe mzito hauishi hata injini ikipata moto. Hizo ni dalili za gasketi. Usiwashe tena, livutwe. Kila kilomita unayoongeza inahamisha bei kutoka gasketi kwenda silinda hedi (kichwa cha injini), na kutoka hapo kwenda injini nzima.

LINAMISI, LINATETEMEKA LIKISIMAMA

Swali la kwanza: umeosha injini lini? Kesi nyingi nilizoandika zinaanza "jana nililipeleka kuoshwa". Maji ya presha yanaingia kwenye mashimo ya plagi na soketi za koili. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chomoa koili moja moja, kausha kwa kitambaa na upepo, rudisha kila moja mahali pake. Ikipona, usirudie kuosha injini hivyo; kitambaa chenye unyevu kinatosha.

(Na kama bado una tabia ya kuingiza gari ziwani uliogeshe, acha. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na oili yako ndiyo tunayokuja kuila kwenye sato.)

Halikuoshwa? Angalia kichujio cha hewa. Kitoe, kielekeze kwenye jua. Usipoona mwanga, kimekufa. Kwa barabara za vumbi sisi hatuwezi kufuata kilomita za kitabu. Mimi naangalia kila ninapobadilisha oili. Kisha plagi. Ukizitoa, rangi ya kahawia isiyokolea ni nzuri, nyeusi kavu ni mafuta mengi kuliko hewa, yenye oili mbichi ni habari mbaya ya ringi au sili za valvu. Mafuta yaliyochanganyika na maji yapo pia, hasa ukinunua kwenye vidumu vya kando ya njia. Likianza kumisi muda mfupi baada ya kujaza, mwambie fundi hivyo hivyo.

Ishia hapa: taa ya injini inawakawaka badala ya kutulia. Petroli isiyoungua inakwenda kuyeyusha katalisti, kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi. Punguza mwendo, simama, ita mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta.

BREKI

Kwenye breki sina mzaha. Mji huu ni milima, na ukikosea huku hukosei peke yako.

*Zinalia asubuhi, kisha kimya baada ya kukanyaga mara mbili tatu.* Kutu nyepesi ya umande juu ya diski. Endelea na safari.

*Zinalia "iiii" kila unapokanyaga.* Pedi nyingi zina kijibati kinachogusa diski zikikaribia kuisha. Kimulike kwa tochi kupitia matundu ya rimu: sehemu ya pedi ikibaki milimita 3, badilisha wiki hii. Zikianza kukwaruza kama jembe kwenye jiwe, pedi imeisha na chuma kinakula diski. Hapo hutanunua pedi peke yake.

*Pedali inazama taratibu, au inahitaji kupampu.* Fungua boneti uangalie kikopo cha mafuta ya breki. Kushuka kidogo kidogo kwa miezi ni pedi zinavyolika. Kushuka ghafla ni kuvuja, tazama ndani ya kila gurudumu kama kuna unyevu. Jaza aina iliyoandikwa kwenye mfuniko, mara nyingi DOT 3, kutoka chupa mpya. Mafuta haya yanafyonza maji kutoka hewani, ndiyo maana hubadilishwa kila miaka 2 hivi. Yenye maji yakipata joto yanafanya mvuke, na mvuke unabinyika. Ukiwa unateremka, mguu unafika sakafuni na gari haliko nawe.

*Pedali ngumu kama ukuta injini ikiwa inaunguruma.* Sava (inayosaidia mguu wako kukanyaga) au mpira wake wa hewa.

*Harufu ya kuungua baada ya mteremko.* Mara nyingi ni dereva. Teremka na gia ya chini, 2 au L kwenye otomatiki, uache injini ishike, na breki iwe ya kuguswa na kuachiwa. Ukinusa harufu gari likiwa tambarare, hendibreki haijaachia au pistoni ya breki imekwama. Rimu moja itakuwa ya moto kuliko nyingine. Sogeza kiganja karibu bila kugusa.

Ishia hapa: pedali inazama, kuna unyevu wa mafuta ya breki kwenye gurudumu, gari linachepuka upande ukikanyaga kwa nguvu. Haliendeshwi hata hadi gereji ya jirani. Fundi aje, au livutwe. Fundi hulipwa nauli, wala si aibu.

USUKANI UNATETEMEKA AU GARI LINAVUTA UPANDE

Anza na upepo, tairi zikiwa za baridi. Kipimo kiko kwenye stika ya fremu ya mlango wa dereva, siyo kwenye tairi. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo chake cha juu. Stika za Kijapani huandika kPa: 220 ni PSI 32 hivi. Vijana wa upepo wamezoea kujaza 40 kwa kila kitu, kuanzia Vitz hadi Hiace. Mwambie namba unayotaka, kisha pima mwenyewe.

Kuvuta kidogo sana kushoto si ugonjwa. Barabara zetu zimeinama kushoto ili maji yatoke, na sisi tunaendesha upande huo. Likivuta sana, badilishana tairi za mbele kulia na kushoto, kama hazina mshale wa mwelekeo. Likihamia upande wa pili, tatizo ni tairi. Lisipohama, nenda alaimenti (kunyooshewa magurudumu).

Kutetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa kwenda juu ni balansi. Lakini kabla hujalipa, ulikwenda shamba? Udongo mweusi wa mbuga wa Magu na Misungwi ukikaukia ndani ya rimu unakuwa kama umegundisha tofali. Jirani alilipia balansi mara mbili, ya tatu tukaosha rimu kwa ndani na gari likatulia. Kutetemeka unapokanyaga breki tu ni diski zimepinda. Kutetemeka kwa mwendo wowote, na kishindo kwenye mashimo, ni bol jointi, bushi au shokapu.

Tairi yenyewe inasimulia. Imelika katikati, upepo ulizidi. Kingo zote mbili, ulipungua. Ukingo mmoja, alaimenti. Ndani ya mifereji kuna vinundu, tafuta neno TWI ubavuni vikuonyeshe vilipo. Mpira ukilingana navyo umebaki milimita 1.6, na mvua ya kwanza ya vuli itakupeleka mtaroni. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kwa mtumba hiyo ni muhimu kuliko mng'ao; tairi iliyopakwa dawa nyeusi inang'aa hata ikiwa na miaka kumi.

Ukibadilisha tairi, legeza nati kabla ya kuinua, jeki iwe kwenye tambarare, gurudumu la kona ya pili lizuiwe kwa jiwe. Mawe Mwanza hayakosekani. Ukimaliza ondoa jiwe barabarani, bodaboda anakuja nyuma yako. Kaza nati kwa kupishana kama nyota, ukazie tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Ishia hapa: tairi ina uvimbe ubavuni. Nyuzi za ndani zimekatika, na hakuna kiraka cha ubavu cha kuaminika. Weka spea. Na hata iweje, usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

TAA NA MOSHI, KWA KIFUPI

Taa nyekundu, simama. Ya njano, endelea kwa utaratibu ukalicheki. Nyekundu ya birika la oili ndiyo isiyo na mjadala. Zima injini pale pale, maana dakika mbili zinatosha kuinokisha. Pima oili gari likiwa tambarare na limezimwa dakika 5 hadi 10. Toa kijiti, futa, rudisha, toa tena. Kati ya alama mbili ni sawa. Kujaza kupita alama ya juu ni kosa lile lile kwa upande wa pili. Ikiwa chini, ongeza. Ikiwa kiwango ni kizuri na taa inawaka, usiwashe tena, ita fundi.

Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo. Mweupe mwepesi wa asubuhi unaoisha ni mvuke tu. Oili ya gia usiiongeze kwa kubahatisha rangi, kwani gia za CVT (otomatiki zisizo na hatua za gia) zikipewa oili ya otomatiki ya kawaida huharibika.

LIMEZIMIKIA KWENYE MAJI

Mvua kubwa ikinyesha, Mto Mirongo unapanda pale Mabatini na kila dereva anajiona nahodha. Maji yakifika katikati ya gurudumu, geuza. Kama umeshaingia na injini ikazima yenyewe, usiwashe tena, hata mara moja. Inawezekana imevuta maji kupitia kichujio cha hewa. Maji hayabinyiki kama hewa, pistoni inayagonga na konrodi (mkono wa pistoni) inapinda. Injini iliyozimika tu kwa kawaida hupona. Iliyolazimishwa kuwaka ndiyo inayofunguliwa. Weka N, omba watu wasukume, litoke. Fungua boksi la kichujio: likiwa kavu una bahati, likiwa na maji mwite fundi atoe plagi zote kabla stata haijaguswa.

Ukivuka salama, kanyaga breki kidogo kidogo kwa mita mia mbili hivi zikauke.

LINAONGEA KIJAPANI

Hili nimeulizwa mara nyingi kuliko kuchemsha. Kila ukiwasha, mwanamke anatoa tangazo kwa sauti ya upole, na mama mmoja wa Pasiansi alikuwa na hakika anaonywa kuhusu injini. Kwa kawaida anasema kadi ya ETC haijawekwa, ile ya kulipia barabara za kasi za Japani. Kifaa chake ni kiboksi kidogo kilichofichwa chini ya usukani au ndani ya droo ya dashibodi. Kina kitufe cha sauti, ukikipata mpunguze. Usipokipata fundi umeme atachomoa soketi kwa dakika tano.